Sindano Kabla ya Koito

Mimi binti yangu ananiita Mama. Mwanamke mwingine, mama wa mchumba wake, ndiye anayeitwa Mum. Mtu akiniambia hayo ni majina tu, nitamuuliza kama amewahi kumsomesha mtoto kwa maziwa ya ng'ombe wake, halafu akasikia jina tamu kuliko lake likipewa mgeni.

Nianze na Jumamosi, kwa sababu ugomvi wangu wote ulikuwa wa Jumamosi. Binti yangu anafanya kazi katika maabara ya hospitali mjini Eldoret, na amepanga nyumba Munyaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ziwa, na baba yake ni mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Tangu aajiriwe, kila Jumamosi alikuwa anakuja nyumbani. Alikuwa akifika kabla ya saa sita, anavua viatu mlangoni, anaingia jikoni, anakalia kigoda na kunihadithia wiki nzima: nani kazini amegombana na nani, mgonjwa gani alizimia alipoona sindano. Nina wavulana wawili pia, lakini wavulana wangu huongea na mama yao kana kwamba wanatoa ushahidi mahakamani. Binti ndiye aliyekuwa rafiki yangu.

Halafu akapata mchumba. Kijana mzuri, sina neno naye. Shida ni kwamba kijana huyo ana mama, na mama huyo ana duka la mapazia mjini, anaishi hukohuko Munyaka, na hakujaliwa kuzaa msichana. Basi akaanza kumchukua wangu. Jumamosi hii walienda saluni, ijayo walienda kutazama vitambaa, inayofuata Mum alihitaji msaada kidogo dukani. Ziara za kila wiki zikawa za wiki mbili, kisha za mwisho wa mwezi. Mimi nikabaki kuvaa miwani na kuangalia status yake ya WhatsApp kujua mwanangu amekula nini.

Mwisho wa mwezi mmoja alikuja, nikafurahi, nikachinja kuku. Kabla kuku hajaiva, alitoa simu akaniwekea mbele ya pua. Ilikuwa picha ya yeye na yule mama, wamekaa saluni bega kwa bega.

"Mama, hebu guess huyu ako na miaka ngapi."

Nilimpa miaka mingi makusudi, ili nimkomoe. Binti yangu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ai, Mama! Hapana bwana. Huyu ni age mate yako. Mmepishana tu miezi."

Nilirudi kwa kuku wangu. Wivu wangu hukaa kwenye taya. Nikishikwa nao, meno ya juu hukutana na ya chini na hayaachani. Siku hiyo nilikula nyama upande mmoja wa mdomo.

Alipoondoka nilichukua kioo cha ukutani nikakipeleka dirishani. Uso wangu haukuwa mbaya. Ulikuwa na madoa ya kahawia juu ya mashavu, yaliyokuja na mimba ya mwisho yakakataa kuondoka, na vishimo vya chunusi za usichana, na rangi mbili: ya paji la uso linalojificha chini ya kitambaa, na ya sehemu iliyobaki, inayosimama uwanjani na watoto wa shule jua likiwa utosini. Niliwahi kuupenda. Lakini sasa nilikuwa nauangalia kwa macho ya binti yangu, nikauona umechakaa.

Kisha wakaja kwetu kwa mazungumzo ya kwanza, wazee wao na wazee wetu. Yule mama aliingia sebuleni kwangu na shavu lake likaingia mbele yake. Sitasema uongo: ngozi ilikuwa nzuri. Haikuwa nyeupe ya kujichubua, hiyo ningejua la kuisema. Ilikuwa nyeusi, laini, iliyotulia, bila doa wala tundu. Alinisalimia kwa mikono miwili. Akanywa mursik yangu, maziwa ya mgando ya kibuyuni, akaisifu, akaomba nyingine. Nilimtafutia kosa kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, nikakosa. Na binti yangu, ingawa nyumba ile ina viti vya kutosha, akaenda kukaa naye kwenye kochi moja. Wakati mmoja yule mama alinyoosha mkono, akamwondolea uzi kwenye kola, hata hakukatiza mazungumzo. Mkono ulijua njia.

Wageni walipoondoka, mume wangu, mtu asiyeongea, alisimama mlangoni akasema, "Yule mama anajitunza."

Nilikuwa naosha vikombe. Kimoja kiling'oka kishikio.

Nilimpigia binti yangu siku iliyofuata na kumzungusha kwa maneno ya mahindi na mvua mpaka nikafika nilikotaka. Yule mama hujipaka nini?

"Hata si kupaka, Mama. Ni microneedling. Anadungwa sindano ndogo ndogo kwa uso, halafu ngozi inajitengeneza upya."

"Anadungwa kwa hiari yake?"

"Na analipa!"

Nilicheka naye. Nilipokata simu nilikuwa nimeshaamua. Nilijiambia ni kwa ajili ya koito, sherehe yetu ya posa, maana watu wangepiga picha na picha hizo zingekaa ukutani baada yangu. Hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu, kama wangeuliza. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka siku moja binti yangu aingie jikoni, aniangalie, asahau kuondoka.

Mwalimu mwenzangu aliniambia kuna mwanamke mtaani Langas anayefanya kazi hiyo nyumbani kwake kwa bei ya huruma. Nilienda. Nilimkuta anasuka mtu nywele. Aliniletea kigurudumu chenye miiba, cha ukubwa wa kidole, kimesimama ndani ya kikombe cha maji ya dawa, na akanihakikishia kwamba amekitumia kwa watu wengi na hakuna aliyelalamika. Hao watu wengi ndio walionifanya nishike mkoba wangu. Nilisema nimesahau kitu kwenye gari, na sikuwa na gari.

Kwa hiyo nikaenda kliniki ileile ya mjini anakodungwa yule mama, ambayo binti yangu aliitaja kwenye simu, ghorofani, mahali pa wataalamu. Daktari alikuwa msichana wa upande wa Busia, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinilaza chini ya taa, akaniangalia uso kwa kioo cha kukuza mpaka nikaona haya. Kisha akanieleza kwamba sindano za uso si za aina moja.

Ya kwanza ilikuwa kalamu ya sindano peke yake. Ncha yake ina sindano fupi, nyembamba, zinazotoboa ngozi harakaharaka, na ngozi ikijiponya inajijenga upya. Ya pili ni kalamu hiyohiyo, ila kwanza wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yanajitenga juu, kisha wanakupaka hayo usoni yaingie kwenye vile vitundu. Hiyo niliielewa upesi, kwa sababu ndivyo krimu inavyotengwa na maziwa. Ya tatu ni sindano zinazozama zaidi na kutoa joto huko ndani, kwa ngozi iliyoanza kuning'inia.

"Mwalimu, wewe ngozi yako haijalegea," alisema. "Shida yako ni madoa na hivi vishimo. Na ngozi nyeusi ukiiumiza sana, inaweka alama nyeusi zaidi. Mimi ningeanza na ile ya kawaida, sindano fupi, pole pole, tuone vile itafanya."

"Na ile ya damu?"

"Pia ni nzuri. Inaweza kusaidia ngozi ipone. Lakini kwako si lazima."

Kisha nikauliza nilichokuja kuuliza. "Kuna mama mmoja anakujanga hapa. Ako na duka ya mapazia. Yeye alifanyiwa gani?"

Alitabasamu. "Siwezi kukuambia mambo ya mgonjwa mwingine, Mama."

Nilimheshimu kwa jibu hilo na nikamchukia kwa wakati mmoja. Nikamwambia nataka kufikiria, nikatoka, nikasimama kwenye ngazi, nikampigia binti yangu.

"Hivi ile sindano ya huyo Mum wako, ni ile ya kawaida ama?"

"Ni ile ya damu, Mama. Kwani?"

"Kuna mwalimu hapa shule anauliza."

Nikapanda ngazi tena, nikamwambia daktari nipatie ya damu. Akauliza kwa nini nimebadilisha mawazo. Nikamwambia nimesoma mahali. Mtu mzima aliyefundisha watoto miaka yote hiyo kufikiria kwa vichwa vyao, nikachagua matibabu ya uso wangu kwa kuangalia uso wa mwenzangu. Hata aliponieleza kwamba uso wa mtu mmoja si wa mwingine, mimi nilikuwa nawaza kwamba nikifanya ile ya kawaida, yule mama atabaki hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo Jumamosi zangu.

Tulipanga mara tatu, kila moja ikiachana na nyingine kwa mwezi na zaidi, na ya mwisho iwe mapema kabla ya koito. Alinipa masharti: baada ya kudungwa, kwa siku kadhaa usoni hakuna mafuta, hakuna poda, hakuna vidole vya mtu, hakuna jua. Niliyarudia mbele yake yote bila kukosea.

Mara ya kwanza walinipaka dawa ya ganzi, uso ukawa mzito, midomo ikawa ya mtu mwingine. Mashine ililia kama ya kinyozi. Sehemu za mfupa, juu ya paji na kando ya pua, ganzi haikufika vizuri, na hapo nilimkumbuka yule mama kwa jina lake kamili. Nilitoka nimejitanda leso mpaka machoni. Nyumbani mume wangu alinitazama akiwa ameshika ndoo ya maziwa.

"Umeungua?"

"Ni jua."

"Jua ya wapi, na hii mvua yote?"

Niliingia ndani, na kwa kuwa ni mtu asiyeongea, hakurudia. Sikumwambia mtu yeyote, hasa binti yangu. Nilitaka aone tu. Nilitaka adhani ni mimi mwenyewe, kwamba mama yake alikuwa na uso huo siku zote na yeye ndiye aliyekuwa hana muda wa kuuangalia.

Baada ya mara ya pili walimu walianza kuniuliza nakula nini. Vishimo vilikuwa vimejaa kidogo, madoa yamefifia kwenye kingo. Karani wa shule aliniita msichana, nikajifanya nimekasirika. Kisha mwisho wa mwezi binti yangu akaja. Aliingia jikoni, akaniangalia, akainamisha kichwa upande.

"Mama, umepumzika eh? Unakaa poa."

Nikageuka kuchukua chai ili asinione nikitabasamu, na niliporudi alikuwa ameshatoa simu. "Ona rangi ya nguo za koito. Mum ndio amechagua." Tukaangalia rangi mpaka chai ikapoa. Ilikuwa rangi nzuri. Hata hilo lilinikera.

Mambo yaliharibika tarehe iliposogezwa. Mjomba wa kijana anafanya kazi Qatar, likizo yake ilikuwa inaisha, na bila yeye wasingeweza kuja kuongea. Koito ikavutwa mbele, na miadi yangu ya tatu ikajikuta Alhamisi ya wiki ileile, sherehe ikiwa Jumamosi. Mtu mwenye akili angepiga simu kliniki kufuta. Na mimi nilikuwa nimeshaishika simu, kweli. Lakini nilipoifungua nikakutana na status ya binti yangu: yule mama amekaa mbele ya duka lake, uso unawaka, na chini yake maneno, "Mum alimaliza session ya mwisho last month. Wacha tu!"

Nikaweka simu chini. Yeye amemaliza, mimi niachie njiani? Alhamisi nilienda, na sikumwambia daktari kwamba tarehe imesogezwa. Nilipiga hesabu yangu: wekundu hutulia siku ya pili, kwa hiyo Jumamosi kwenye picha nitakuwa sawa. Daktari alirudia masharti yake, mafuta yoyote hapana mpaka wiki ijayo, nami nikaitikia.

Kesho yake, Ijumaa, nilikaa jikoni asubuhi nzima na kibuyu mapajani, nikisukasuka maziwa. Mama wa bibi harusi kwa ukoo wetu haagizi siagi ya sherehe dukani wala kwa jirani. Anaitengeneza kwa mikono yake. Nilisuka, nikachota, nikaosha, nikaijaza kwenye pembe ya ng'ombe. Uso ulikuwa unanichoma chini ya leso wakati wote huo. Na bado, naapa, haikunijia hata mara moja siagi ile inakwenda kupakwa wapi.

Jumamosi niliamka, nikaangalia kioo, nikacheka peke yangu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Wekundu ulikuwa umetulia, ngozi imevutika, inang'aa. Binti yangu alipokuja kunifunga kitambaa alirudi nyuma hatua moja.

"Mama! Wewe ni mrembo hivi?"

Ningeweza kufa wakati huo na nisingedai kitu.

Wageni walikuja, hema likajaa, wazee wakaingia ndani kuongea. Sisi wanawake tulikaa nje tukiimba na kupimana nguo. Yule mama alikuwa amevaa ile rangi aliyoichagua, na kwa mara ya kwanza niliona watu wakimwangalia yeye, kisha wakiniangalia mimi, kisha wakirudi kwake, bila kuamua. Nilikaa wima. Mazungumzo yalichukua nusu ya siku, ng'ombe wakapandishwa na kushushwa kwa maneno, na hatimaye vigelegele vikasikika ndani. Wamekubaliana.

Hapo ndipo shangazi mkubwa wa upande wetu, dada ya mume wangu, alipotoka jikoni ameshika ile pembe.

Kwetu, maneno ya wazee yakiisha, mama wa msichana na mama wa mvulana husimama katikati ya watu. Kila mmoja humpaka mwenzake siagi, paji la uso na mashavu yote mawili, na kuanzia hapo hamwitani tena kwa majina. Mnaitana pamwai, watu mliounganishwa na watoto. Anayegeuza uso siagi ikija, amemkatalia mtoto ndoa. Nimeona jambo hilo likifanyika tangu nikiwa nimebebwa mgongoni. Daktari wa watu hakuwa wa kwetu, asingejua kuniuliza. Mimi nilijua, na nilikuwa nimefikiria picha tu.

Nilisimama kwa sababu wote walikuwa wanasimama. Yule mama alichovya vidole kwenye pembe, akanisogelea, mkono ukapanda, kisha ukasimama hewani. Alikuwa karibu sana. Mtu aliyepitia sindano hizo anaijua ngozi iliyotoka kudungwa.

"Ulifanya lini?" aliuliza bila kusogeza midomo.

"Alhamisi."

"Mungu wangu." Akajifanya anarekebisha kitambaa changu. "Usijali. Nitakupaka kichwani na mikononi, niseme ndivyo upande wetu tunafanya."

Alisema kwa wema. Hilo ndilo sikuliweza. Kama angenicheka ningejua la kufanya. Lakini alikuwa ananihurumia, pale katikati ya boma langu, mbele ya shangazi na wazee, na nyuma ya bega lake nilimwona binti yangu amekunja mikono kifuani, anatungoja. Alikuwa hatuangalii wote wawili. Alikuwa anamwangalia yeye, kuona kama mambo yanaenda sawa. Nikawaza: nikikubali, hata ndoa ya mwanangu itakuwa imeokolewa na huyu. Usiku watakaa Munyaka amsimulie, na binti yangu atasema, pole Mum, asante Mum.

"Si ampake, mbona wananong'ona?" shangazi alipaza sauti. "Mashavuni, watu waone!"

"Nipake," nikamwambia. "Yote. Mashavuni."

"Mama, tafadhali," yule mama alininong'oneza.

"Nimesema nipake."

Akanipaka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, alijaribu kugusa kidogo tu, lakini siagi mbichi ikiyeyuka haingoji kusukumwa, na kila kitundu kilichotobolewa Alhamisi kiliinywa. Machozi yalinitoka, na wanawake wakapiga vigelegele wakidhani ni ya furaha. Ilipofika zamu yangu nilichota kwa vidole vinne. Nilimpaka kwa ukarimu, kuanzia paji mpaka masikioni, kidevu pia, na kwenye ile rangi aliyoichagua ikadondoka kiasi.

"Pamwai," aliniambia.

"Pamwai," nikamjibu.

Tukacheza mpaka jioni, jua la Ziwa likitukaanga na mafuta usoni. Katika picha zote nimeng'aa kuliko yeye.

Kufikia Jumatatu uso ulikuwa umevimba na kujaa vipele vya usaha. Vipele vikapasuka, na mahali pa kila kimoja pakabaki alama nyeusi, nyeusi kuliko madoa niliyokuwa nayo mwanzo, kutoka sikio hadi sikio. Nilikuwa nimejifungia chumbani nikishukuru Mungu kwamba shule zimefungwa. Katikati ya wiki mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa binti yangu, na sare ya kazi mwilini.

"Mum ameniambia," alisema. Kisha akaniona vizuri, akaketi kitandani, akalia kama mtoto mdogo. "Mama, mimi nafanya hospitali! Si ungeniuliza? Ulikuwa unataka nini na uso yako, ilikuwa na shida gani?"

"Nilitaka nitoke vizuri kwa picha."

Sikuweza kumwambia mengine. Nilikuwa na neno Jumamosi mdomoni kabisa, nikalimeza. Nilijua lingesikika dogo, na lilikuwa limenigharimu uso.

Alinipeleka kwa daktari yeye mwenyewe. Daktari hakunigombeza, alitikisa tu kichwa aliposikia habari ya siagi. Akanipa dawa ya kuosha, ya kupaka usiku, na losheni ya kuzuia jua, na akasema alama zitaondoka zenyewe, ila taratibu, miezi, na zitaondoka mradi tu nisipigwe jua. Kofia pana, kila nikitoka. Njiani kurudi binti yangu alinishika mkono kama mgonjwa mahututi.

"Nitakuwa nakuja kila Saturday," alisema. "Nikuoshe, nikuangalie. Wewe peke yako huwezi fuata hiyo dawa."

Na amekuja. Hajakosa hata moja. Anafika kabla ya saa sita, anavua viatu, ananikalisha dirishani, ananiosha uso kwa vidole vyake na maji ya uvuguvugu, na huku akiniosha ananihadithia kazi yote. Siku moja simu yake ililia, nikaona jina. Alikuwa na povu mikononi, akaniomba nimbonyezee.

"Mum, niko kwa Mama. Nitakupigia jioni."

Nilifumba macho nisione chochote kingine duniani.

Jumamosi iliyopita alinigeuza uso huku na huku kwenye mwanga, akafurahi. Alama zimefifia sana, alisema. Upande wa kushoto hata hazionekani. Akafunga kichupa cha dawa, akakausha mikono, akaniambia kwa sababu naendelea vizuri atapunguza safari kidogo, maana harusi inakaribia na kuna mapazia na mapambo ya kanisani ambayo yeye na Mum wanapaswa kuyaanza. Nikamwambia bila shaka, mwanangu. Nikamfungia maziwa na mboga za kubeba.

Ijumaa hii, shule zikiwa zimefungwa tena, jua limetoka kali tangu asubuhi, bila wingu. Saa sita nilitoka kwenda kuwapa ng'ombe maji, nikafika katikati ya boma nikakumbuka kofia. Niliiona pale ilipo, imetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Nikageukia upande wa jua, nikainua uso, nikasimama hapo mpaka mashavu yakaanza kuwasha.